Mkeka wa Wageni

Nilianza kuigiza Masasi, katika kikundi cha watu saba kilichozunguka vijijini na michezo ya jukwaani kuhusu afya. Tulicheza Chiwata, tukacheza hadi Makote, kwenye viwanja vya shule. Kila zoezi tulilirekodi kwa simu ya kiongozi wetu, kisha tukajitazama na kujisahihisha. Nilimwita kaka. Alipopata kazi ya kuongoza tamthilia ya televisheni, alinichukua, nikawa mama mkwe mkali kwa miaka minne. Sokoni Newala wanaume walinitania: "Mpisheni huyo, atatufukuzia wake zetu!"

Mwaka jana kaka alitaka kipande cha unyago. Nilikataa. Mama yangu mkubwa, aliyenilea Newala, ni kungwi. Ndiye aliyenifunda, na ndiye angemfunda binti yangu Desemba, nami nikiwa ndani pamoja nao. Yanayofundishwa mle hayatoki nje, na kwa mwanamume hayafiki kabisa.

"Sawa, dada," kaka akasema. "Basi nielekeze nisichotakiwa kukigusa, nisije nikakosea."

Tulikuwa uani kwake, mchana, wawili tu. Nikachukua kanga, nikamwonyesha jambo moja. Halikufika dakika. Sitalieleza hapa. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kinu, pale pale ilipokaa kila siku ya mazoezi. Nilikwisha kuizoea, sikuiona.

Miezi mitatu baadaye dada yangu alinipigia kutoka Newala. "Washa televisheni," akasema, akakata.

Kanga ilikuwa yangu. Mikono ilikuwa yangu, na kovu la maji ya ganda la korosho yaliyoniunguza utotoni. Uso walikuwa wameutia kivuli.

Nilimpigia kaka.

"Uso si hauonekani, dada? Na ndicho kipande watu walichokipenda kuliko vyote. Halafu sikukuibia. Ulinionyesha mwenyewe."

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa sababu ni kweli.

Niliacha tamthilia. Desemba nikapanda basi kwenda Newala na kanga mpya za binti yangu. Nilimkuta mama mkubwa akipepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Aliniwekea ugali na kisamvu, akakaa karibu yangu hadi nikamaliza. Nikaanza kutumaini. Jirani mmoja akapita na ndoo kichwani. "Karibu, mama wa televisheni! Leo umetuletea kamera ngapi?" Wanawake waliokuwa jikoni wakacheka. Mama mkubwa hakucheka.

"Mama, yule mtu alinidanganya."

"Najua."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu siku ile." Alichukua sahani yangu. "Lakini ndani huingii."

Akanionyesha mkeka uliotandikwa mbele ya nyumba, wa wageni ambao hawakuchezwa unyago. Walikaa hapo mwalimu mmoja kutoka Mwanza na nesi wa zahanati. Nikavua viatu, nikakaa nao.

Ngoma zilipoanza, dada yangu alimpitisha binti yangu amefunikwa kanga nilizomletea. Mtoto aliinua upindo kidogo, akanitafuta miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiingia. Hakugeukia upande wa mkeka. Mlango ukafungwa.

Nesi alinisogelea. "Wewe si yule wa kwenye tamthilia? Hebu niambie, hivi mle ndani wanafanya nini?"

"Sijui," nikamjibu.