Ringi za Nguzo za Nyuma

Mume wangu ni fundi mwashi, na watu wote wanamwita Timazi, kama ule uzi wenye jiwe wa kupimia unyoofu wa ukuta. Jina hilo alilipata kwa sababu haamini jicho lake wala la mtu mwingine. Hata picha yetu ya harusi aliitundika kwa kupima na uzi huo, mimi nimeshika msumari nusu saa nzima hadi mkono ukafa ganzi. Kituo cha afya alichokijenga akiwa bado kijana ndicho kilichompa sifa, na ndicho kinachonilisha mimi. Mimi ni mkunga. Wodi ya wazazi iko ghorofani, na watoto niliowapokea huko wengine sasa wana ndevu.

Mwaka juzi ardhi ilitikisika. Haikufika hata dakika. Chupa za dawa ziligongana kabatini, na mama mmoja aliyekuwa katikati ya uchungu akanifokea, "Nesi, acha kutikisa kitanda!" Hakuna aliyeumia, ila halmashauri ilishtuka, ikaagiza majengo yote ya umma yakaguliwe na yaliyo dhaifu yaimarishwe. Mtaani kila mtu akageuka mtaalamu. Ile methali ya ufa na ukuta niliisikia mpaka nikatamani kumpiga mtu mwiko.

Mhandisi aliyeletwa alikuwa binti mwembamba mwenye buti kubwa. Aligonga kuta kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kisha akapitisha juu ya nguzo kifaa ambacho kikifika penye chuma kinalia. Timazi alimfuata hatua kwa hatua, mikono nyuma. Jengo lina nguzo kumi na nane. Binti akapima tano za mbele, akalinganisha na michoro ya zamani, akatabasamu.

"Mzee wangu, ulijenga kwa uaminifu. Kuta za ndani tu ndizo tutakazozifunga vizuri kwenye nguzo. Kesho nasaini ripoti."

Mimi kichwa kilinivimba kwa fahari. Yeye siku ile alibakiza chakula, mtu ambaye kwa kawaida sahani yake haihitaji kuoshwa.

Asubuhi, nikiwa navaa sare, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, zile nguzo sita za nyuma. Zile zilizo chini ya wodi yako."

"Zimefanya nini?"

"Ringi hazikutosha."

Ringi ni vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo ndani ya nguzo, vikazibana, ili nguzo ikitikiswa isipasuke. Mchoro ulitaka ringi moja kila shubiri. Wiki ya kumwaga nguzo hizo mkunja ringi aliugua. Mtaa mzima ulikuwa umeitwa kubeba zege kwa ndoo, wanawake kwa wanaume, na zege lilikuwa limeshachanganywa. Timazi alikuwa kijana, ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza, watu wote wanamtazama, akaona haya kuwaambia warudi nyumbani. Akazitawanya ringi alizokuwa nazo, moja kila shubiri mbili, akamwaga. Msimamizi hakuuliza, naye hakusema.

"Kumbe ndiyo maana ukinifuata kazini unasimama nje juani!" nikasema. "Na mimi nilidhani hupendi harufu ya dawa."

Nilimrushia kofia ya sare. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema. Miaka yote hiyo nimezalisha watu juu ya siri yake, na usiku analala fofofo pembeni yangu.

"Nikisema, jina langu limekwisha," akasema.

"Na usiposema?"

Alitazama sakafu. "Jengo likishapita kwenye karatasi, hakuna atakayeligusa tena."

"Basi vaa viatu. Mficha uchi hazai." Methali hiyo watu huitumia kwa mambo yote, mimi huitumia kazini kila siku.

Tulimkuta mhandisi ametandaza karatasi juu ya boneti ya gari. Timazi aliyasema yote kwa pumzi moja. Binti alichukua kifaa chake akaenda nyuma. Kikalia. Kikanyamaza, kikanyamaza, kisha kikalia tena. Sikusomea uhandisi, lakini kimya kile nilikielewa.

"Ungenyamaza, saa nne ningeshasaini," akasema taratibu. "Nani mwingine anajua nguzo hizi zilivyo ndani?"

"Mafundi wa wakati ule tumebaki wawili, na mwenzangu sasa ni kiziwi."

"Basi baba, utasimamia wewe kuzirekebisha. Nami nitapima zote kumi na nane. Kupima tano tu lilikuwa kosa langu."

Wodi ikahamia ukumbi wa mikutano, na kazi ikaanza. Kila nguzo ya nyuma ilibanduliwa ngozi yake, ikazungushiwa nondo na ringi mpya, kisha ikavishwa zege jipya kama koti. Tatu zilikwenda vizuri. Siku ya nguzo ya nne diwani alikuja na wageni wake, majirani wakajipanga na ndoo, na vijana kwa kutaka kuonekana wakachanganya zege kabla fundi hajakagua. Timazi akapiga magoti, akapima kwa shubiri yake kutoka chini kwenda juu. Ringi zilipungua nne. Aliyezikata alikosea hesabu.

"Mzee, zisogeze kidogo tu," mmoja akamnong'oneza. "Nani ataona?"

"Zege linaganda!" mwingine akapiga kelele.

Niliona jasho likimtiririka shingoni. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ardhi ilipotikisika.

"Ligande," akasema. Kisha akasimama, akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Tulipojenga hapa, ringi zilipungua hivi hivi. Niliona haya kuwarudisha nyumbani, nikazitawanya. Nguzo hizi zinatengenezwa upya kwa sababu yangu. Leo rudini nyumbani. Tutamwaga kesho."

Diwani alikohoa. Wengine wakatazamana. Bibi mmoja aliyebeba ndoo mwaka ule akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe mgongo wangu uliumia bure! Basi kesho ndoo yangu utabeba wewe, Timazi."

Watu wakaangua kicheko, hata diwani, na hakuna aliyemwita jina lingine zaidi ya hilo.

Zege hatukulitupa. Njia ya kutoka getini ilikuwa tope tupu, wagonjwa wakiteleza kila mvua ikinyesha, basi tukaanza kulimwaga pale. Mimi nilivua viatu, nikachukua koleo, nikasimama karibu naye.

"Sawazisha upande huo," akaniambia.

Nikasawazisha. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale kwenye tope.