Pilau ya Idi

Mume wangu alipotoka jela, miaka ile ya hamsini, nilimwogesha kama mgonjwa, nikamvisha kanzu, nikajidanganya kwamba shida zimekwisha. Alifungwa kwa kumpasua kichwa nyapara wa ghala alimokuwa kibarua, kule Industrial Area. Mtu mpole yule, hata kuku kumchinja alikuwa akimwachia jirani.

Sasa alikuwa akisimama mbele ya mlango wa chumba chetu cha Pumwani, mlango uko wazi, akingoja aruhusiwe kupita. Akitaka kwenda chooni aliniomba ruhusa. Chakula alikila ameuelekea ukuta, mkono umeikingia sahani. Nilimbembeleza, nikanuna, nikalia mbele yake, wala hakugeuka. Nilikuwa mjane asiye na eda. Nilimtaka mume wangu, basi.

Mama mkwe akasema dawa ni kula pamoja. Siku ya Idi tungekula sinia moja sote watatu, akumbuke kwamba yuko kwao. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, nikapika pilau ya haja.

Tukaketi mkekani. Alikula ameinama, lakini alikula nasi, moyo wangu ukaanza kuchangamka. Ndipo mama akafanya wafanyavyo wazazi wetu wote: akachambua nyama nono iliyokuwa mbele yake, akanyoosha mkono kuisukuma upande wa mwanawe. Yeye aliona mkono tu ukiingia kwenye chakula chake. Akaudaka, akausokota, nikasikia mfupa ukivunjika.

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema, taratibu kabisa.

Akamwachia. Akarukia pembeni, akachuchumaa, mikono kichwani, akingoja kipigo. Mama akamsihi arudi ale, huku mkono wake unaning'inia. Nami nikamsihi, nikamwita kwa majina tuliyokuwa tukiitana wawili tu. Alizidi kujikunyata pale pembeni. Mama alihitaji kupelekwa hospitali, na mtu wa hali ile ningemwachaje peke yake? Hasira zikanipanda, za jela, za kwake, za Idi yenyewe.

"Simama!" nikamkaripia, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Keti pale. Kula."

"Ndiyo, afande."

Akaketi. Akala mpaka punje ya mwisho, ametulia kuliko siku zote tangu arudi. Mama, ambaye hakuutolea mkono wake hata chozi, ndipo akaanza kulia.