Wifi Hataki Kuja Peke Yake

Jua halijatoka vizuri. Lori la taka linaingia uani kinyumenyume, na Mama Chupa yuko nyuma yake anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, hapo hapo. Dereva akichelewa kushika breki, ukuta unakwenda. Umeshakwenda tayari, ndiyo maana tofali zile ni mpya.

Zamani lori hili lilikuwa linapitiliza mpaka dampo, na Mama Chupa alikuwa kule juu ya taka, ndoano mkononi, anagombania chupa na wanawake wenzake. Miaka tisa ya mgongo kuuma. Mwaka jana akapata ruzuku ya shirika linalosaidia biashara za kurejeleza taka. Si mkopo, harudishi. Akanunua mashine ya kusaga plastiki, akakodi ua huu. Sasa tani nne hivi kwa mwezi zinaishia kwake badala ya kulala dampo mpaka wajukuu wazeeke.

Lakini chupa zikishabaki hapa, kule juu lori linafika na maganda na nepi tu. Wenzake wakanuna. Aliyenuna kuliko wote ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi.

Halafu Mama Chupa akavurunda. Kwa haraka ya mashine mpya, akasaga chupa pamoja na vifuniko vyake. Kumbe kifuniko ni plastiki nyingine kabisa, vikiyeyushwa pamoja hakuna kitu hapo. Mnunuzi akarudisha mzigo wote. Ukaishia dampo.

Wifi akaukuta. Jioni akaja mpaka mlangoni na kiroba kimoja cha mzigo ule kichwani.

"Wifi, asante kwa kutukumbuka," akasema. "Siku hizi unatutafunia kabisa."

Mama Chupa anacheka akisimulia. Siku ile hakucheka. "Alikuwa na haki. Nimewachukulia riziki, halafu nawarudishia uchafu."

Akamwomba wifi aje amsaidie kuchambua, maana mkono wake hauna mfano. Wifi akagoma. Hawezi kushuka peke yake akawaacha wenzake kule. Waje wote, au asije mtu.

Sasa ruzuku ina sehemu ya pili, na imetengwa kwa ajili ya mashine nyingine. Mama Chupa amewaomba wenye shirika wabadilishe: wampe banda, meza ndefu, maji na glavu. Wamesema watakuja Alhamisi kuangalia. Wakikataa, atabaki na mashine mbili na wifi asiyemsalimia.

Mumewe anamwambia apokee anachopewa, akae kimya. Mama Chupa hataki kusikia.

"Hii moja tu nailisha kwa shida, ya pili nitaipa nini? Nikiwa na watu, hata vifuniko vina mnunuzi wake. Hakuna plastiki itakayopanda kule juu."

Wifi mwenyewe, ukimfuata dampo, hainui hata uso. Anachokoa tu na ndoano yake.

"Banda lenyewe halijajengwa," anasema. "Lakini mwambie meza iwe ya kiunoni. Nimechoka kuinama."

Mama Chupa anapofikishiwa maneno hayo, anazima mashine. Anaweka kiganja kiunoni, anapima kwa macho mpaka chini, anatikisa kichwa.

"Yule mrefu kuliko mimi," anasema. "Itabidi fundi akampime yeye."