Mshonaji na Pawa Saplai ya Mumewe

Kiharusi kilimkuta fundi redio akiwa ameinama juu ya meza yake ya kazi, bisibisi mkononi, na kilipomwachia hakikumrudishia mkono wa kulia wala maneno. Mtaani walimwita Mawimbi, kwa kuwa hapakuwa na redio iliyomshinda kuikamatisha mawimbi. Mtu aliyekuwa akiongea na wateja kutwa, akiwatania, akiwasema kwa kuzimwagia redio zao chai, sasa alibakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "mlango". Akitaka maji, mlango. Akiumwa bega, mlango. Akimwita mkewe, mlango. Siku za kwanza mkewe alikuwa akiinuka kwenda kuufunga mlango, na akisikia bado unatajwa anaufungua, mpaka alipong'amua kwamba mumewe hazungumzii mlango hata kidogo. Wateja hawakukaa kuelewa. Mzee mmoja mstaafu aliyekuja kumjulia hali alijibiwa hivyo mara mbili, akachukua kofia yake akaondoka akidhani anafukuzwa, ikabidi mke amkimbilie barabarani kumwomba radhi.

Mke alikuwa mshonaji. Chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: cherehani upande wa dirisha, meza ya redio upande wa ukuta. Kwa miaka mingi yeye alisikia redio zikikoroma na kufufuka, na mumewe alisikia cherehani ikienda mbio na kusimama. Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka aliijua kama harufu ya nguo mpya. Ila chuma cha kulehemu hakuwahi kukishika hata kwa kukisogeza.

Baada ya Mawimbi kurudi kutoka hospitali na kutandikiwa kitanda katika chumba hichohicho, kikaja kifurushi alichokuwa amekiagiza kabla ya kuugua. Pawa saplai yake ya zamani ilikuwa imeungua, naye alikuwa ameapa kuiunda mpya kwa mikono yake. Hiki ni chombo cha mezani kinachouchukua umeme wa ukutani, kikaushusha, na kumwachia fundi achague kwa kitasa cha kuzungusha kiasi anachokitaka, redio ndogo apate kidogo, kubwa ipate zaidi. Bila hicho fundi redio hana tofauti na mshonaji asiye na sindano. Kifurushi kilikuwa na boksi la bati, bodi yenye vitundu, pakiti za vipande vidogovidogo na karatasi ya maelekezo. Mke akakisukuma chini ya meza. Hakutaka mumewe akione.

Kisha shemeji akaja. Mdogo wake Mawimbi alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, na alichosema alikisema taratibu, macho yakiwa sakafuni. Aliona ni heri karakana ifungwe, kaka yake apelekwe kwa dada yao, kwenye nyumba yenye watu wa kumgeuza na kumwogesha. Akimaliza kushusha mzigo aliokuwa nao atapita na lori.

"Shemeji, wewe peke yako utamweza mpaka lini?" aliuliza.

Kabla mke hajajibu, sauti ikatoka kitandani: "Mlango."

Mke akaeleza haraka kwamba hamaanishi hivyo, ndilo neno lake la kila kitu. Shemeji akamtazama kaka yake. "Leo nadhani anamaanisha," akasema, akainuka akaenda zake.

Mawimbi akaugeukia ukuta. Chakula cha mchana hakukigusa, cha jioni vilevile. Kesho yake alifumba mdomo hata kwa maji. Mkewe alibembeleza, akatisha. Alikuwa amemwona baba yake mwenyewe akiugeukia ukuta namna ile, na baba yake hakugeuka tena. Akakosa la kufanya, akakivuta kile kifurushi, akakichana mbele ya kitanda kwa makusudi, kwa kelele.

Mawimbi akageuza kichwa.

Wakaanza hivyo. Mke alisoma maelekezo kwa sauti, mume akiwa ameegemezwa mito kwenye kiti, akionyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Maneno yalikuwa yamempotea, lakini kazi ilikuwa imo kichwani nzima. Mke alipoichomeka dayodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kinyume, alama yake nyeupe ikitazama kusikotakiwa, kile kidole kiligonga meza kama nyundo. Lehemu zake za kwanza zilikuwa mabonge kama matone ya mshumaa, na mumewe alizikataa zote kwa kichwa mpaka alipotoa moja yenye kung'aa. Aliungua vidole. Alijitukana. Alijiambia hii ni kazi ya kufuata mchoro tu, kama kukata gauni, kipande hiki kinakutana na kile. Mume akaanza kula, kijiko kimoja kimoja, bila kuiondolea macho bodi.

Ila alikuwa anachoka haraka, na usingizi ulimchukua bila kuaga. Ndivyo ulivyomchukua zamu ya transista kubwa ilipofika, ile inayobeba mzigo wote na kupata moto. Mke hakutaka kumwamsha. Akaifunga kwa skrubu kwenye bati la alumini lenye mapezi ya kupoza, bati akalifunga kwenye boksi, akaikaza kwa nguvu zake zote. Kisha akaifagia meza, vifuko na vikaratasi vyote akavipeleka jalalani.

Mumewe alipoamka wakaiwasha. Ikatoa mlio mfupi, fyuzi ikakatika. Mke akaweka nyingine. Ikakatika nayo. Akaangalia kila waya, akarudia maelekezo kutoka juu, akaweka tena, na tena, hadi akabakiwa na fyuzi moja tu. Mawimbi alikuwa ameiona transista ilivyofungwa. Alinyoosha kidole, lakini kidole kilielekea kwenye rundo la vipande vilivyosongamana, na kila mke alipogusa kimoja na kuuliza, "Hiki?" mumewe alisema mlango, mlango, kwa sauti iliyozidi kupanda. Mwishowe akapiga mkono juu ya meza, mita ya kupimia umeme ikaruka ikaanguka chini.

Mke naye akapasuka. "Nimechoka na mimi! Kama unajua, niambie. Sema, niambie!"

Mawimbi akafungua mdomo. Shingo ilimvimba kwa jitihada. Likatoka lilelile, na aliposikia mwenyewe kilichotoka, akalia. Mke hakuwahi kumwona mumewe akilia, si msibani, si hospitalini. Akarudi upande wake wa pazia, akakaa kwenye cherehani, akampa mgongo. Shemeji alikuwa amepiga simu kwamba asubuhi angekuwa pale. Na aje basi, mke aliwaza. Na amchukue, na mimi nilale.

Akakaa hivyo mpaka jua la alasiri lilipofika kwenye meza yake ya kukatia. Kilichomrudisha si ujasiri. Alikumbuka tu kitu alichokuwa akikiona kila siku bila kukiuliza: balbu ya kawaida ambayo mumewe aliiweka njiani, kati ya plagi na chombo anachokishuku. Akaichungulia mita pale chini, akaiokota, haikuvunjika. Akamwuliza mumewe kama balbu ile inaweza kuwasaidia. Mawimbi akatikisa kichwa kukubali mpaka mwili mzima ukatikisika.

Safari hii fyuzi haikukatika. Balbu iliwaka nyeupe, kali, na mke akaelewa: umeme unapita moja kwa moja mahali fulani kama maji kwenye bomba lililopasuka. Akaitenga transfoma, ile inayoushusha umeme, peke yake, balbu ikafifia. Kwa hiyo transfoma ilikuwa nzima. Akairudisha, balbu ikawaka kali. Akazing'oa dayodi akazipima, zote nzima, akazirudisha. Akakwama tena.

Mawimbi akainuka. Alikuwa hajainuka peke yake tangu alipotoka hospitali. Akashika ukuta, akaburuta mguu mpaka upande wa pili wa pazia, mkewe akiwa nyuma yake mikono imetandazwa asianguke. Kwenye meza ya kukatia akachukua kipande cha bitana, kitambaa cha ndani ya nguo. Akaushika mkono wa mkewe, akaubandika kiganja kwenye kiganja chake. Akavitenganisha, akaweka bitana katikati, akavibandika tena.

"Unataka nishone nini?" mke aliuliza.

Akarudia. Kiganja kwa kiganja, akatikisa kichwa kukataa. Kiganja, bitana, kiganja, akaitikia. Akarudia mpaka jasho likamtiririka. Kisha akaelekeza kidevu kule mezani, kwenye mgongo wa transista uliobana kwenye bati.

Mke akakumbuka. Ndani ya pakiti ya transista kulikuwa na kitu chembamba chenye kung'aa, kigumu kama ukucha, pamoja na kipete cha plastiki. Yeye alidhani ni vya kufungashia tu. Kumbe chuma cha transista hakitakiwi kugusana na bati, kinataka kitu katikati cha kupitisha joto na kuzuia umeme, na yeye alikuwa amevitupa. Alitoka mbio mpaka jalalani. Takataka zilikuwa zimeshachomwa, palikuwa majivu matupu, yangali na joto.

Aliporudi mikono mitupu, mumewe alikuwa anatazama rafu ya juu, penye amplifaya iliyokufa zamani. Mke akaishusha, akaifungua, na chini ya transista yake akakikuta: chembamba, kimepakwa mafuta meupe, kizima, pamoja na kipete chake. Alivihamisha kwa kibano. Akapima kwa mita kati ya transista na bati. Mita kimya, havigusani. Akawasha, balbu ikamulika mara moja ikazimika, na mke akadhani amekiharibu tena. Lakini mumewe alikuwa ameushika mkono wake na hauachii. Balbu kuzimika ndiyo habari njema: umeme hauvuji tena. Akakizungusha kitasa, mshale wa mita ukapanda.

Mawimbi alikipandisha na kukishusha kitasa kwa mkono wa kushoto mara nyingi, kisha akalaza paji la uso mezani. Mkewe hakujua kama ni furaha au ni uchungu wa kuona kitu kidogo namna ile kimewashinda vile.

Shemeji alipofika asubuhi, alimkuta kaka yake kwenye kiti cha kazi, mkono umeng'ang'ania ukingo wa meza. Shemeji alikizungusha kitasa mwenyewe, akatazama mshale, akakohoa. Akamwambia mke kwa sauti ya chini kwamba chombo kimoja si karakana, na kwamba anamwona yeye mke alivyokonda. Mke alikubali, ni kweli. Hata hivyo lori liliondoka bila mgonjwa, kwa ahadi kwamba litapita tena.

Mkono wa kulia haukurudi, na maneno hayakurudi. Redio ya yule mstaafu waliitengeneza, mke akilehemu na mume akigonga meza, na ilichukua wiki nzima kazi ambayo zamani ingemalizika kabla chai haijapoa. Nyingine mbili ziliwashinda, wenyewe wakazifuata. Siku zipo Mawimbi anaugeukia ukuta, na mkewe husimama na sindano mdomoni akimsikiliza anavyopumua. Siku hizo huwasha pawa saplai, akaifungua redio yoyote iliyo karibu, akaanza kukosea kwa makusudi, kwa kelele, mpaka asikie kitanda kinalia nyuma yake, mumewe akigeuka.