Wagonjwa Wasiohesabiwa

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa hadhara huko Kinondo. Mbunge, mwanamama aliyekuwa mwanauchumi wa serikali kabla ya siasa, alipomaliza kuhutubia, bibi mmoja alisimama.

“Ripoti iliyofunga zahanati yetu uliiandika wewe? Mkaza mwanangu alijifungulia njiani.”

Msaidizi alitaka kujibu. Mbunge akamzuia kwa mkono, akavua miwani.

“Shikamoo, bibi. Niliiandika mimi. Niliwahesabu wagonjwa waliofika, nikasema ni wachache. Sikuwauliza walioshindwa kufika. Ndiyo maana niliiacha kazi ile, nikaja kuwaomba kura.”

“Marahaba,” akajibu bibi, akaketi taratibu.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wanasiasa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mmoja wao akisema “mimi” pasipo kujisifu.