Trekta Lililolima kwa Gia ya Nyuma

Wenzangu tuliokulia Nkowe miaka ya tisini, tuliokwenda shule na kuni kichwani na jembe begani, mtanielewa bila shida. Hawa vijana wa simu sijui. Ukiwaambia kwamba kijiji kizima kiliwahi kutoka kwenda kutazama tairi, wanadhani unawatania.

Mimi leo nina matrekta, na si ya kuazima. Shuka Ruangwa mjini, uliza yule aliyeishia darasa la saba anayelimia watu hadi Nachingwea, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Sikufundishwa na chuo chochote. Nilifundishwa na trekta moja dogo, kuukuu, la kulimia bustani, ambalo baba alilipata Chiola kwa kubadilishana na shamba lake lote la mikorosho.

Hilo neno "lote" ndilo lililoleta kesi. Baba alikuwa mtu wa kuja. Alivuka Ruvuma akitokea Msumbiji bado kijana, akajifunza ufundi baiskeli, akaoa kwa Wamwera, akahamia kwa wakwe kama ilivyokuwa kawaida. Ardhi ilikuwa ya upande wa mama. Hata sisi watoto tulikuwa wa upande wa mama. Cha baba kilikuwa mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, na sasa alikuwa ameitoa akapata chuma kisichowaka.

Aliyekuwa na kauli juu ya nyumba yetu ni kaka mkubwa wa mama, Mjomba Chilumba. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akakataa maji ya kunywa, tukajua mambo si mazuri.

"Shemeji," alimwambia baba, "mikorosho ile ilikuwa inalisha wapwa zangu. Mvua ya kwanza ikinyesha, hicho ulichokipata kiingie shambani. Kisipoingia, utaondoka nacho. Dada yangu na watoto watabaki."

"Nimesikia, shemeji," baba akajibu.

Mama alikuwa anachambua kunde, na nilimwona anatupa nzima anaacha mbovu.

Kulitoa trekta Chiola hadi Nkowe ilikuwa kazi ya wanaume wenye kamba. Malori ya msimu yalipita yamejaa magunia ya korosho, hakuna dereva aliyetaka kusikia habari za chuma. Ikabidi livutwe. Tairi za mbele hazikuwa na tyubu, na mahali pengine wangezijaza majani. Baba akaona majani yatabonyea, akazishindilia maganda mabichi ya korosho kutoka kwa akina mama waliokuwa wanabangua. Mtu wa kwetu peke yake ndiye angewaza hivyo, na mtu wa kwetu peke yake ndiye anajua kilichofuata. Jua lilipopanda, maganda yakaanza kutoa mafuta yake yale meusi. Waliokuwa wanasukuma magurudumu kwa mikono wakababuka viganja. Barabara nzima ikanuka kama jiko la kukaangia korosho.

"Mmakonde wewe," mtani mmoja alimwambia baba huku anapuliza mikono, "umetuita kuvuta trekta au kutuchoma?"

"Vuta," baba akasema. "Ukifika utakunywa uraka, viganja vitapoa."

Wakacheka, wakavuta. Waliokunywa walipewa huo uraka, pombe ya mabibo, na wasiokunywa walichinjiwa kuku. Mimi nilikaa kwenye kiti cha chuma nikishika usukani, najiona nimekuwa mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Tulipoingia Nkowe watu walikuwa wamejipanga. Trekta lilikuwa limeng'oka vyuma vya mbele, likaonekana kama bibi asiye na meno. Bila kupangwa na mtu, watoto wakaanza: "Kibogoyo! Kibogoyo!" Jina likakaa.

Injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Baba akatafuta injini ya dizeli ya mashine ya kusaga iliyokuwa imetelekezwa Mkotokuyana, akailipia kwa kutengeneza baiskeli za familia nzima ya mwenye nayo. Akatoboa fremu, akafunga mbao ngumu, akaikalisha juu, akaunganisha na gia kwa mkanda mpana uleule wa mashine. Injini aliifunga ikitazama upande wa pili, ili moshi usimwingie machoni. Nilimshikia spana nikitoka shule. Alikuwa anafanya kazi bila kuongea. Jioni akimaliza alikuwa anaangalia mawingu upande wa mashariki, kisha ananiangalia mimi na wadogo zangu, mmoja mmoja, kama mtu anayesafiri kesho.

Siku injini ilipokohoa na kukubali, watoto wakapiga tena kelele za Kibogoyo. Baba akanyanyua mkono.

"Limebadilishwa moyo," akasema. "Hili limeshatoka jandoni. Jina la zamani basi."

Mnaojua mnajua. Kwetu kijana akitoka jandoni anapewa jina jipya, na ukimwita la utotoni umemtukana. Mtu mmoja akauliza, sasa jina jipya ni lipi? Baba akasema jina hatoi yeye, jina hutolewa na wenye ukoo. Watu wakatazamana, kwa sababu mwenye ukoo alikuwa Mjomba, na Mjomba hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ile ya kigoda.

Mvua ikanyesha. Harufu ya udongo wa Nkowe ukilowa kwa mara ya kwanza sijaikuta mahali pengine, na mimi nimefika hadi Morogoro. Asubuhi yake Mjomba alikuja na wazee wawili. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga imekazwa kiunoni. Baba akazungusha mpini, injini ikaunguruma, akapanda, akatia gia ya kwanza.

Trekta likarudi nyuma.

Akatia ya pili. Likarudi nyuma haraka zaidi, likakanyaga uzio wa kuku. Ile injini, kwa kufungwa ikitazama upande wa pili, ilikuwa inazungusha kila kitu kinyume.

"Shemeji," Mjomba akasema taratibu, "linataka kwao Chiola."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia, akaenda kumshika baba mguu palepale alipokaa. Baba akamtazama, akamtazama mama. Halafu akakanyaga klachi, akatia gia ya nyuma.

Trekta likaenda mbele. Polepole sana, mwendo wa mgonjwa, lakini na nguvu ya ajabu. Plau iliyofungwa nyuma ikazama, udongo ukageuka mweusi. Likafika mwisho wa shamba, likazunguka, likarudi na mfereji wa pili. Mjomba alivua kandambili, akaingia nyuma yake, akawa anatembea ndani ya mfereji peku hadi suruali ikajaa matope magotini. Baba aliposimamisha, Mjomba akaweka mkono juu ya injini, ikamuunguza, hakuutoa upesi.

"Liitwe Chilumba," akasema.

Alilipa trekta jina lake mwenyewe. Kisha akamgeukia mama: "Dada, naomba maji ya kunywa." Mama aliingia ndani, akakaa muda. Alipotoka na kata ya maji, macho yalikuwa mekundu.

Lilima kwa gia ya nyuma msimu mzima. Uliofuata ni mimi niliyesema mkanda ukatizwe katikati kama namba nane, maana ndivyo nilivyofunga uzi kwenye gari langu la waya na magurudumu ya ndala. Tukaukatiza, likaenda mbele kwa gia zote. Nilikuwa mtoto. Wenye vyeti wakisikia hili wanaomba niwachoree.

Leo nikitaka trekta napiga simu, linakuja juu ya lori limefunikwa turubai, na dereva wake kijana anavaa miwani ya jua kulishusha. Linawaka kwa ufunguo. Likiharibika, vijana wangu wanalipiga picha na kukaa kivulini kusubiri jibu. Siwalaumu, ingawa nawasema kila siku. Hakuna kati yao ambaye baba yake angeondoka kijijini trekta lisipowaka.

Baba alikufa. Mtu wa kuja, aliyevuka mto na kifurushi, amezikwa Nkowe katika makaburi ya ukoo wa mama, ubavuni mwa Mjomba. Mjomba ndiye aliyeacha kauli baba azikwe hapo, kabla hajatangulia. Na mvua ya kwanza ikinyesha, matrekta yangu makubwa yote yanasubiri barabarani. Natoa mkanda, naufunga ulivyokuwa mwanzo, napanda Chilumba, natia gia ya nyuma, na mfereji wa kwanza unakatwa kwa mwendo uleule wa mgonjwa. Vijana wanaangalia saa. Mama, mzee sasa, anatoka mlangoni na kata ya maji.