Kirangozi Hapitwi

Mwezi uliopita nilikuwa Tabora, nikakatiza mtaa wa Ng'ambo kutafuta vitenge, na mbele ya duka moja la saruji nikanusa asali. Mama mmoja wa Sikonge alikuwa ameweka ndoo zake kivulini, nyuki wawili watatu wakizunguka mifuniko. Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Duka lile, rafiki yangu, ndilo lililokuwa ukumbi wetu.

Kama hukuwahi kuuona mchezo wa msafara, nakuhurumia. Kila mwaka baada ya mavuno, watu wazima wa mtaani, muuguzi, karani, mafundi, watu wasiolipwa hata kikombe cha chai, waliuigiza upya. Mchezo mzima uliimbwa, mwanzo hadi mwisho, nao ulikuwa wa zamani kiasi kwamba watazamaji waliwasahihisha waigizaji kutoka kwenye mabenchi. Watu wazima walikuwa matajiri na watemi. Wapagazi, wale waliobeba mizigo kichwani kutoka huku hadi pwani, tulikuwa sisi watoto.

Aliyetufundisha ni jirani yetu, mama mshonaji mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakutaka maboksi matupu. "Mnarukaruka kama mbuzi," alisema. "Mwenye mzigo harukiruki!" Basi tukabebeshwa mtama na karanga za kweli, shingo zikauma mpaka uji wa asubuhi tukaunywa bila kuinama. Akatufundisha na sheria ya msafara: anayeongoza njia ni kirangozi, yeye ndiye anayeanzisha wimbo, na hapitwi na mtu yeyote, hata tajiri mwenye mali. Zamani aliyempita alitozwa faini.

Mwaka ule kirangozi nilikuwa mimi, msichana wa darasa la nne, mwembamba, nimevikwa taji la manyoya ya kuku. Bibi yangu alikuja kutoka Sikonge kutazama, naye hakupendezwa. Babu yake alikuwa kirangozi wa kweli. "Kazi ile haikuwa ya mtoto wa kike," alisema akinisuka, huku akivuta nywele kuliko ilivyohitajika. Hakunikataza. Ila nilitaka anikubali yeye, kuliko nilivyotaka makofi ya ukumbi mzima.

Jirani alikuwa ameazima kilindo cha bibi, lile pipa la gome la mti alilohifadhia asali tangu aolewe. Akakiosha kwa maji ya moto bila kumwuliza mwenyewe, akakianika nje ya ukumbi asubuhi nzima. Jua likaamsha harufu ya miaka yote ile.

Alasiri tukiwa jukwaani, madirisha wazi kwa sababu ya joto, wimbo wa safari umekolea, nikasikia mvumo usio wa ngoma. Nyuki waliingia dirishani wakaenda moja kwa moja kwenye kilindo, kichwani kwa msichana aliyenifuata. Akaacha kuitikia. Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Nilijua nikinyamaza tu, watoto watatupa mizigo na kukimbia, na nyuki wakichokozwa mle ndani watu wataumia.

Bibi akasimama benchi la mbele. Hakupiga kelele.

"Imba, mama," akaniambia. "Tembea polepole. Watoe nje."

Nikaimba. Mchezo ulitaka tuzunguke jukwaa kisha tutue, lakini mimi nikashuka ngazi, nikapita katikati ya watu na msafara wangu nyuma, nikatoka mlangoni hadi barabarani. Nyuki mmoja akanichoma sikio, sauti ikapanda juu mno, na jirani alidai hadi uzeeni kwamba hivyo ndivyo wimbo ule ulivyopaswa kuimbwa. Tukafuata barabara ya miembe, ileile waliyopita wapagazi wa kweli, tukakitua kilindo taratibu penye shina, na nyuki wakabaki nacho.

Ndipo nikageuka. Ukumbi mzima ulikuwa nyuma yetu. Padri, mwalimu mkuu, wauza dagaa, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wamejipanga barabarani wakiitikia, na hakuna hata mmoja aliyenipita. Mwili ulinisisimka, na hata sasa ninapokuandikia unanisisimka. Nimeona mengi tangu siku ile, sijaona kitu kikubwa kama mstari ule.

Sasa, bibi alikuwa mtu wa kutembea mbele. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kumkimbilia. Lakini jioni ile, tulipofika kwenye njia ya kwenda kwetu Chemchem, alisimama pembeni, kanga begani, akangoja.

"Tangulia, kirangozi," akasema.

Kuanzia siku hiyo, iwe tunakwenda kanisani, kisimani au stendi, alikuwa akifika mlangoni anasimama mpaka nitoke mimi kwanza.

Kundi lilikufa polepole. Jirani alizeeka, muuguzi akahamishwa, ukumbi ukauzwa. Nyimbo zenyewe nazikumbuka vipande vipande, na sijui wa kumwuliza.

Ile asali niliinunua, nikaenda nayo Sikonge, kwenye nyumba ya bibi ambamo sasa wanaishi binamu zangu. Tulipokuwa tunatoka kwenda kupalilia kaburi lake, nikasimama kizingitini kwa mazoea, nikisubiri kuambiwa nitangulie. Binamu zangu wakanipita mmoja mmoja na majembe yao, wakiongea habari za tumbaku. Nikawafuata nyuma.